Bi Somoe na Jiwe Lililopandwa Kisimani

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mji, na mji una kisima.

Kisima cha nani?

Cha mwenye kiu.

Na mwenye kiu akishiba?

Amwachie mwenzake kamba.

Haya, mmeitika vizuri. Ila wewe, Bi Mdogo, pale ukutani, hukuitika, mdomo umejaa. Endeleeni kupukuchua mahindi yenu. Mikono ifanye kazi yake, na masikio yake. Hata hayo mahindi yamo katika ngano hii, yameingia kwa mlango wa uani. Tulieni, mtayaona.

Hapo zamani, zamani ambayo bibi wa bibi yangu naye aliisikia tu, palikuwa na mji ukiitwa Ndambwe. Mji wenyewe mdogo. Msikiti mmoja, soko moja, kisima kimoja. Visima vingine vilikuwapo, sikatai, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kufulia na kuoshea miguu. Maji ya kunywa, maji matamu, yalitoka mahali pamoja tu, nyuma ya nyumba ya mwanamke aitwaye Bi Somoe.

Kisima hakikuwa mali ya Bi Somoe, msije mkakosea. Kilikuwa cha mji. Yeye alikuwa mtunzaji, kama alivyokuwa mama yake, na mama wa mama yake. Kazi yake kukisafisha kila baada ya masika, kubadili kamba inapochakaa, na kuwaamua wanaogombania zamu. Mwanamke wa makamo, mjane, mwenye maneno machache na jicho kali. Ukichota nje ya zamu yako hakugombezi. Anakutazama tu, na wewe mwenyewe unarudisha maji kisimani.

Sheria ya kisima ilikuwa moja: maji hayanyimwi mtu. Akija adui yako na kiu, mpe anywe kwanza, ndipo mgombane.

Ndambwe walikuwa na sheria nyingine, nayo ishikeni vizuri maana ndiyo iliyowaponza. Ardhi ni ya mji. Mti ni wa aliyeupanda. Ukitaka kupanda mnazi, unaomba. Unaonyeshwa mahali. Unapanda. Mnazi wako, nazi zako, makuti yako, na watoto wako watarithi. Lakini udongo ulio chini ya mnazi ule si wako, hata chembe. Kwa hiyo mtu aliweza kuwa na mnazi uani kwa jirani yake, na jirani asikose usingizi.

Basi. Siku moja, mchana kweupe, ikatokea merikebu. Si chombo cha kwetu. Milingoti mitatu, matanga yameshonwa viraka kama kanga ya fukara, na ubavuni mizinga imetoa midomo nje. Ikapapasa pwani huku na huku, ikatafuta mlango wa bandari, ikaukosa, ikautafuta tena. Mwisho vijana wa Ndambwe wakaingia mtumbwini wakaenda kuiongoza, maana aibu kumwacha mgeni anazunguka nje ya mlango wako.

Wakashuka Wazungu. Wallahi walitia huruma. Fizi zimewavimba na kuoza, meno yanacheza kinywani, miguu haiwabebi. Wengine walibebwa mgongoni. Nahodha wao alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu nyekundu. Nyuma yake alikuja mzee mmoja aliyekumbatia kitabu kikubwa kifuani. Huyo ni karani. Na nyuma ya karani alikuja mtu wa rangi yetu, mwenye macho ya kuchoka, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba yeye ndiye mkalimani, jina lake Mwinchande.

Bwana mkubwa wa mji wakati ule alikuwa Mwinyi Shomvi. Mzee mpole, mpenda watu, tumbo mbele. Akasema wageni wapokewe kama wageni: siku mbili wale, wanywe, walale, ya tatu tutawapa jembe kama wote. Wakapewa maji. Wakapewa kuku. Wakapewa ndimu makapu kwa makapu, na ndimu hizo, kwa siku mbili tu, zikaanza kuwarudishia rangi mashavuni. Baharia mmoja kwa furaha akampa mke wa mfinyanzi konzi ya punje za manjano, akamwonyesha kwa vidole jinsi ya kuzifukia ardhini. Ndizo hizo zinazowaumizeni vidole sasa hivi. Bahari ikileta haichambui. Jema na baya huja katika chombo kimoja, na wewe ndiye utakayepepeta.

Siku ya tatu ilipofika, kabla Mwinyi Shomvi hajawahi kutania habari ya jembe, nahodha alikuja na ombi. Mwinchande akalieleza: bwana huyu anaomba mahali pa kupanda jiwe, liwe alama kwamba alifika hapa akapokewa vizuri.

Wazee wakatazamana. Kupanda jiwe? Mmoja akauliza kama litazaa. Watu wakacheka. Wakakumbuka sheria: mpandaji ana haki ya alichokipanda, na basi. Jiwe halitoi nazi, halitoi makuti, halina hata kivuli cha maana. Litampunguzia nani nini? Wakamruhusu. Wakauliza tu lipandwe wapi.

Na aliyejibu, jamani, alikuwa Bi Somoe mwenyewe. Akasema lipandwe pale kisimani, mkono wa kulia. Wanawake wamechoka kuinama kuokota mitungi chini. Jiwe la kimo cha kiuno litawafaa kupumzishia mtungi kabla ya kujitwika. Wanawake wote wakamwona ana akili, na mimi ningekuwapo ningemwona vivyo hivyo.

Jiwe likashushwa. Jeupe, refu, limechongwa, juu yake nembo. Watu sita walilibeba. Likapandwa kisimani, likashindiliwa, na mji mzima ukaja kutazama. Kisha nahodha akavua kofia, akapaza sauti, akauliza jambo kwa lugha yao. Mwinchande akafungua kinywa atafsiri. Nahodha akamkata jicho. Mwinchande akafunga kinywa.

Watu wa Ndambwe wakanyamaza. Adabu yao ndiyo hiyo: mgeni akisema jambo usilolielewa, unatulia mpaka amalize. Nahodha akauliza mara ya pili. Wakanyamaza. Akauliza mara ya tatu. Wakanyamaza, na Bi Somoe, aliyekuwa mstari wa mbele, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima. Karani alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anaandika, anaandika, anaandika. Kisha nahodha akavaa kofia yake, wakaenda zao.

Kesho yake asubuhi Bi Somoe akatoka na mtungi wake kichwani, moyo mkunjufu, anakwenda kulijaribu lile jiwe. Akakuta Wazungu wawili wenye mikuki. Wakaipishanisha mikuki mbele yake. Akajaribu kupita kushoto, mkuki. Kulia, mkuki. Hakuelewa. Akadhani wanacheza. Mwanamke huyu kazaliwa hatua ishirini kutoka kisima kile, kaogeshwa kwa maji yake siku ya saba, na leo anaambiwa kwa mkuki arudi nyumbani.

Mwinchande akaletwa awaeleze watu. Akasema huku anatazama chini: kisima sasa ni cha mfalme wa Wazungu. Mapipa ya merikebu yajazwe kwanza, kila siku, na wenyeji watachota kitakachobaki, adhuhuri, kwa ruhusa. Na si kisima peke yake. Mji pia, na mashamba, na mlango wa bandari.

Watu wakageuka wakamtazama Bi Somoe. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Lakini yeye alijua nani alisema lipandwe pale, na alijua nani aliinamisha kichwa. Akawaza kwamba kisima kimetunzwa na wanawake wa nyumba yake tangu kuchimbwa, na yeye ndiye atakayetajwa kuwa alikipoteza.

Akaenda kwa nahodha mara ya kwanza. Akaenda peke yake, akapanda merikebuni kwa ngazi ya kamba, na Mwinchande akatafsiri.

"Ulikuja hapa una kiu," Bi Somoe akasema. "Hatukukuuliza wewe nani. Kwetu maji hayanyimwi mtu. Sasa unatunyima kwa sheria gani?"

Nahodha hakugombana. Alimwita karani, kitabu kikafunguliwa, akaweka kidole juu ya maandishi. Akasema neno moja, na Mwinchande akalitafsiri: "Imeandikwa."

Bi Somoe akarudi. Siku ile watoto walikunywa maji ya chumvi.

Akaenda mara ya pili, na Mwinyi Shomvi, amevaa joho lake la sikukuu lililokuwa likimbana. Mwinyi Shomvi alizungumza sana, kwa upole, tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Akaeleza sheria ya mti na ardhi. Akatoa mfano wa mnazi wake mwenyewe ulio uani kwa muuza mkaa. Akasema jiwe ni lako, bwana, hatuligusi, hata ukitaka kuja kulipaka chokaa kila mwaka karibu. Lakini kisima ni udongo, na udongo ni wa mji. Nahodha alisikiliza yote. Na alipomaliza kusikiliza, akasema nini?

Imeandikwa.

Mmelishika. Wakarudi. Siku ile watoto walianza kuharisha.

Sasa msidhani Ndambwe hawakujua kuandika. Walijua, tena kwa hati nzuri. Ila kwao maandishi yalikuwa ukumbusho wa jambo mlilokwisha kukubaliana. Kwa wale wageni maandishi ndiyo jambo lenyewe. Likiingia kitabuni limekuwa, hata kama aliyehusika alikuwa amesimama pembeni anatabasamu.

Jioni ya siku ile Mwinchande alikuja kisimani kunywa. Yeye walimruhusu. Bi Somoe alikuwa amekaa kizingitini kwake, hatua chache kando. Akamwita ndani, akampa mkate wa mtama, akamwacha ale kwanza. Kisha akamuuliza siku ile ya jiwe nahodha aliuliza nini.

Mwinchande alitafuna polepole. Akasema, "Aliuliza: Nani ana neno la kupinga? Mara tatu, mama. Wasipopinga, kila kitu kinachoonekana na mtu aliyesimama kando ya alama iliyopandwa, mpaka jicho linapokoma, kimekuwa chao. Karani akiandika, imekwisha."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Mji wetu ulinyamaza vivyo hivyo. Mimi nilisimama nyuma ya baba yangu, nikanyamaza. Mwaka wa nne huu nimo merikebuni mwao." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Bi Somoe hakumlaumu. Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa, atamlaumu nani? Akaanza kumdadisi habari za kile kitabu, na Mwinchande akaeleza yote. Kitabu si cha nahodha. Nahodha ni mwenye merikebu, lakini karani ni mtu wa mfalme, ameapa kuandika kila linalotokea, hata baharia akianguka ngazini. Dhoruba iliwalowesha njiani, karatasi nyingi zikaharibika, zimebaki chache mno. Sasa karani huandika kwa herufi ndogo, mbele na nyuma.

"Habari ya jiwe imo upande upi?"

"Upande wa mbele. Imeujaza wote. Nyuma bado peupe."

Bi Somoe akauliza polepole kama sheria yao inataka lazima iwe jiwe. Mwinchande akafikiri. Akasema hajawahi kusikia wakitaja jiwe. Husema alama tu, alama iliyopandwa kwa ruhusa. Na lazima awe mwanamume? Hilo pia hajalisikia.

Basi kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, Bi Somoe akacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Wanaomjua wangeogopa.

Akaenda mara ya tatu. Safari hii alibeba kapu la ndimu, na vijana wawili wakambebea chungu kikubwa kilichojaa udongo, na juu ya udongo nazi iliyokwisha kuchipua. Akapanda ngazi. Akamwamkia nahodha kwa heshima zote. Akasema amekuja kuyamaliza. Yaliyoandikwa yameandikwa, yeye ni mwanamke wa kisimani, hajui mambo ya wafalme. Amewaletea wagonjwa ndimu, na anaomba jambo dogo: apande mnazi huu hapa sitahani, karibu na mlingoti mkubwa, penye jua, uwe kumbukumbu ya Ndambwe.

Mwinchande akatafsiri. Nahodha akacheka mpaka akashika mbavu. Mabaharia wakacheka, na wale wenye meno yanayocheza walishika taya zao wasije wakayatema. Mnazi baharini! Nahodha akapunga mkono: apande, apande, hata shamba zima.

Bi Somoe akauweka mche sawasawa. Akaushindilia udongo kwa viganja. Kisha akasimama wima, akampa Mwinchande ishara, na Mwinchande akapaza sauti kwa lugha ya Wazungu, kila mtu akasikia: Nani ana neno la kupinga?

Wakacheka.

Nani ana neno la kupinga?

Wakacheka zaidi. Mmoja alijifanya anakwea mnazi.

Nani ana neno la kupinga?

Wakacheka, lakini karani hakucheka. Mzee yule alikuwa amekaa juu ya pipa lake, anaandika, anaandika, anaandika. Kicheko si pingamizi. Alifika mwisho wa mstari, akapuliza wino ukauke, na hapo ndipo alipoinua macho na kumtazama mwanamke yule, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza merikebuni kuelewa.

Bi Somoe alikuwa anatazama polepole, kama mtu anayechagua vitambaa sokoni. Akatazama mlingoti. Akatazama matanga. Akatazama mizinga, mmoja mmoja. Akatazama kiti cha nahodha na kofia iliyo juu ya kichwa cha nahodha.

"Mwanangu Mwinchande," akasema, "mwambie bwana huyu jicho langu limekomea pale kwenye usukani, na kila lilichokiona ni changu. Akibisha, amuulize karani."

Mwinchande akatafsiri. Kicheko kikafa. Nahodha akamgeukia karani, na karani, kwa sauti ya mtu anayesoma mkataba wa ndoa, akasema: imeandikwa.

Nahodha akakinyakua kitabu. Akachomoa kisu akaanza kuyakwangua maandishi ya mnazi. Akakwangua, karatasi ikatoboka. Akaigeuza, akaona tundu limekula nusu ya jina la mfalme wake katika habari ya jiwe. Akasimama na kisu mkononi. Uso wake ukawa mwekundu kupita ndevu.

Mnaona alivyonaswa? Akiiacha karatasi, mfalme wake atasoma kwamba nahodha wake alimpa merikebu mwanamke wa kisimani kwa mche wa mnazi. Akiichana, jiwe nalo linakwenda. Karatasi ni moja, mbele jiwe, nyuma mnazi. Angetumia mizinga? Wako waliotumia, nami siwafichi. Lakini huyu nusu ya watu wake walikuwa bado wanalala chali, na waliosimama walisimama kwa ndimu za Ndambwe.

Akasema kwa hasira kwamba atachana, na kesho atapanda jiwe upya.

"Panda," Bi Somoe akasema. "Uliza mara tatu. Leo mji mzima unajua unachouliza."

Karani akakohoa. Akasema hati yenye wenye haki wawili haichanwi ila wote wawili wakiridhia. Ndiyo sheria ya kitabu. Macho yote yakarudi kwa Bi Somoe. Akasema anaridhia. Hataki merikebu, hajui hata ingelala wapi. Ila katika vyote alivyoviona amechagua kimoja abaki nacho. Nahodha akamwambia ataje. Nadhani alingoja kusikia kiti chake, au mzinga.

"Huyu," Bi Somoe akasema, akamshika Mwinchande mkono.

Kwa hilo nahodha alisita kuliko alivyosita kwa kisima. Lakini karani alikuwa amekwisha kuchovya kalamu, na nahodha hakutaka iandikwe tena hata herufi moja. Akaafiki. Karatasi ikachanwa, vipande vikatupwa baharini, na kabla jua halijageuka wale watu sita walikuwa kisimani, wanaling'oa jiwe lao na kulirudisha mashuani. Watoto wa Ndambwe walikunywa siku ile mpaka matumbo yakalia chubwi chubwi.

Mnadhani imekwisha? Wengi huimaliza hapo, watu wakapiga makofi wakaenda kulala. Aliyenisimulia mimi hakuimaliza hapo, na mimi siwezi kumdhulumu.

Merikebu ilikuwa tayari kuondoka, na mapipa yalikuwa nusu. Nahodha akarudi pwani, safari hii kofia mkononi, akaomba maji. Wazee wakasema asipewe hata tone. Vijana wakaokota mawe. Hata Mwinyi Shomvi, mpole yule, akasema mtu huyu amekula heshima yake mwenyewe. Wote wakamngoja Bi Somoe, maana siku ile neno lake lilikuwa juu ya neno la kila mtu.

Bi Somoe akasema apewe. Wakamuuliza kama ana wazimu. Akawaambia kwamba amegombana siku nne nzima ili kisima kile kibaki na sheria yake. Akimnyima mtu maji leo, basi nahodha amekichukua kweli, hata bila jiwe. Akaenda akachota mwenyewe, na wanawake wakamfuata mmoja mmoja kwa kununa. Mapipa yakajaa.

Karani alikuwa amekaa pwani, amefungua karatasi mpya, anaandika. Mwinchande alisimama karibu naye. Miaka minne kando ya kitabu kile ilimfundisha kusoma. Mzee alipomaliza akapuliza wino, akafunga kitabu, akampa Mwinchande mkono wa kwaheri kwa moyo mweupe kabisa, akaingia mashuani. Merikebu ikatweka, ikaenda.

Bi Somoe akaja na kata ya maji, akampa Mwinchande anywe. Akamuuliza karani ameandika nini mwisho. Habari ya jiwe?

Mwinchande akasema la, jiwe halimo.

Ya mnazi?

Haimo.

"Ameandika nini basi, mwanangu?"

Mwinchande aliishika ile kata kwa mikono miwili. "Ameandika: Mahali hapa pana maji matamu, mengi, na watu wake hutoa bila kuombwa mara mbili. Na chini yake amechora mlango wa bandari, na kina cha maji, na kilima cha kutazamia ukiwa mbali."

Bi Somoe akasema, "Hajaandika uongo."

"La, mama. Hajaandika uongo."

Bi Somoe akasimama pale kidogo, akitazama mbali baharini ilikoelekea merikebu. Moyo ulimuuma, nami sitawaficha kwamba ulimuuma. Kisha akarudi kisimani, akaishika kamba, maana mstari ulikuwa mrefu na wanawake walikuwa wameanza kugombania zamu.

Mwaka wa pili zikaja merikebu tatu. Hazikupapasa pwani, hazikutafuta mlango. Zilikuja moja kwa moja.

Ngano nimeitua chini hapa. Iliyo tamu ndani yake, jitwikeni mwende nayo nyumbani. Iliyo chungu niachieni mimi, nimekwisha kuizoea. Na mwenye mahindi yaliyobaki ayalete, tuyamalize pamoja.